Saa 90 na mikorosho ya bibi

Mkono wangu wa kulia unaiga. Nikiandika kwa kushoto, vidole vya kulia navyo vinajikunja na kujikunjua pale vilipolala juu ya paja. Nikijitahidi kuufungua huo wa kulia ili nipokee kitu, wa kushoto nao unaachia ulichoshika. Vikombe vingi vya chai vimevunjika kwetu kwa sababu hiyo, na mama mdogo aliamini kabisa nafanya makusudi, maana mkono wa kushoto ni mzima na hauna kisingizio.

Nina mtindio wa ubongo wa upande mmoja, yaani jeraha la ubongo la tangu utotoni linalovuruga namna mwili unavyosogea. Nimezaliwa Tandahimba, nikalelewa na bibi mzaa mama, na sasa niko Mtwara mjini ambako nina kibanda cha steshenari. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Nachapa kwa mkono mmoja na nusu. Hiyo nusu ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu watu wengi wakiuona mkono wa namna hii wanaamini ama utapona, ama haufai kitu, basi.

Sababu ya kuiga niliijua ukubwani. Kijana mmoja wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo, alikuja kutoa kopi za vyeti vyake, akawa ananitazama mikono badala ya kutazama mashine. Akaniuliza, "Dada, samahani, huo mkono unamfuata mwenzake tangu lini?" Nikamwambia tangu nijijue. Akakaa kwenye benchi akanieleza, na wateja wakasubiri.

Kwa kawaida nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayoamuru mkono wa kulia, na nusu ya kulia inaamuru wa kushoto. Nyuzi za neva zinazobeba amri hushuka toka juu, na nyingi huvukia upande wa pili pale ubongo unapokaribia kuungana na uti wa mgongo. Lakini mtoto anapozaliwa, kila nusu bado ina nyuzi zinazokwenda pande zote mbili. Watafiti wa Newcastle, Uingereza, wakiongozwa na Janet Eyre, waliwafuatilia watoto wachanga kwa mashine ya sumaku, ile inayoamsha ubongo kwa nje ya fuvu bila kupasua, ambayo ya kwanza iliundwa Sheffield mwaka 1985. Waliona kwamba katika miezi ya mwanzo nyuzi hizo zinagombea nafasi kwenye uti wa mgongo. Zinazofanya kazi zinakaza mizizi, zilizo kimya zinajiondoa. Mtoto akiumia nusu moja ya ubongo, zile nyuzi za upande mzima ambazo zingejiondoa hazikuti mshindani, kwa hiyo zinabaki. Mwisho wake ile nusu isiyoumia inaweza kujikuta inaendesha mikono yote miwili, na amri iliyokusudiwa mmoja inafika kote kuwili.

Mimi hakuna aliyenipima kwa sumaku. Ila vikombe vya mama mdogo vinatosha kuwa ushahidi.

Kijana yule aliniambia pia kwamba mtindio wa upande mmoja mara nyingi unatokana na kiharusi kinachompata mtoto akiwa tumboni au siku zile za kuzaliwa, mshipa wa damu wa ubongo unapoziba. Nilitamani mama angekuwepo asikie. Alikaa miaka akijilaumu kwa ndoo za maji alizobeba akiwa na mimba yangu. Mjomba yeye aliamini ni mambo ya watu, na kwetu Wamakonde neno la mjomba kwa watoto wa dada yake si la kupuuzwa. Nilipelekwa kwa waganga mpaka upande wa pili wa mto Ruvuma. Chale ninazo begani hadi leo, zimekaa vizuri tu, lakini mkono haukuzijali.

Bibi hakubishana na mjomba. Alisubiri msimu.

Asiyeijua korosho aelewe jinsi inavyookotwa. Kuanzia Oktoba hivi zinaanguka zenyewe, na kila korosho inaanguka ikiwa imening'inia kwenye bibo lake, lile tunda jekundu au la njano. Korosho inatakiwa itenganishwe na bibo kabla ya kuanikwa, na safi, bila nyama ya bibo kubaki, la sivyo inaharibu daraja ukifika chama cha msingi. Kazi hiyo haifanyiki kwa mkono mmoja. Mmoja unashika bibo, mwingine unazungusha korosho mpaka itoke.

Nilikuwa na miaka minne au mitano bibi aliponikalisha chini ya mkorosho na rundo langu. Alinielekeza kwamba bibo lishikwe na mkono mgonjwa, korosho izungushwe na mzima. Nilidhani ameamua tu. Baadaye nilielewa hesabu yake: bibo ni laini, likipondeka hapotezi kitu, ila korosho ndiyo pesa. Nami niliyaponda kwelikweli. Vidole vyangu vya kulia vikishika havijui kiasi. Ama vinakaza kwa nguvu zote ama vinaachia. Maji ya mabibo yalitiririka hadi kiwikoni, na doa la bibo halitoki kwenye nguo hata ufue na nini. Nilikuwa na gauni moja la shambani lililogeuka rangi kabisa.

Lakini pia nilitaka kumaliza rundo. Binamu zangu walikuwa na yao, na aliyemaliza wa kwanza alipewa haki ya kuchagua bibo tamu kuliko yote. Bibi hakunipunguzia rundo kwa huruma. Alinipa dogo toka mwanzo, kisha akawa analiongeza bila kusema. Nilipoacha kuyaponda akanipa kazi ya kushikilia mdomo wa gunia yeye anapomimina. Kisha kumenya lile ganda jembamba la ndani la korosho zilizokwisha kukaangwa na kubanguliwa, kazi ya ncha za vidole, ambayo mpaka leo mkono wangu wa kulia unaifanya nusunusu. Kubangua zenyewe hakuniruhusu, kwa sababu mafuta ya ganda la nje yanaunguza ngozi.

Sasa niseme kilichokuwa kikifanyika Marekani, kwa sababu nilipokisoma nilicheka peke yangu kibandani.

Mtafiti Edward Taub alikuwa akichunguza kima ambao neva za hisia za mkono mmoja zimekatwa. Neva za kuamuru misuli zilikuwa salama, kwa hiyo mkono uliweza kutembea, lakini mnyama hakuutumia tena. Alipoufunga ule mkono mzima kwa siku kadhaa, kima akaanza kuutumia ule aliousahau. Taub akahitimisha kwamba sehemu ya ulemavu ule ilikuwa ya kujifunza: mnyama amejaribu, ameshindwa, ameshindwa tena, akaacha, na kuacha kukawa desturi. Njia aliyoipata nayo jambo hili ina doa, nisifiche. Mwaka 1981 polisi waliivamia maabara yake huko Silver Spring kwa tuhuma za ukatili kwa wanyama, akashitakiwa, na hukumu ikaja kutenguliwa kwenye rufaa. Ila wazo lilibaki. Akiwa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham alilitumia kwa watu wazima waliopata kiharusi, na mwaka 2004 yeye na wenzake wakatoa matokeo ya watoto wenye mtindio wa ubongo: mkono mzima unafungwa plasta, mtoto anafanya mazoezi ya mchezo kwa mkono dhaifu saa 6 kwa siku, wiki 3. Mikono ile ilianza kufanya mambo ambayo wazazi walikuwa hawajawahi kuyaona.

Halafu akaja mtafiti Andrew Gordon wa New York na swali ambalo bibi angelielewa mara moja. Mwenye upande mmoja hahitaji mkono dhaifu ufanye kazi peke yake. Anahitaji mikono miwili ishirikiane: kufungua chupa, kushika karatasi huku anakata, kuvaa. Kwa nini basi umfunge mzima? Akaandaa kambi za mchana ambapo watoto wanacheza na kufanya kazi zinazolazimisha mikono yote miwili, saa 6 kwa siku kwa siku 15, jumla saa 90. Mwaka 2011 alipolinganisha njia hizo mbili kwa saa zilezile 90, maendeleo yalikaribiana sana. Kumbe kilichofanya kazi si kuufunga mkono mzima. Ni wingi wa saa, na ni mtoto mwenyewe kuanzisha tendo kwa kuwa kuna kitu anakitaka mbele yake.

Saa 90. Niligeuza hesabu hiyo kwa mazingira yetu. Mtoto wa kijijini akibahatika kupata fiziotherapia, anapata nusu saa, na mara nyingi si kila wiki. Tuseme hata angeipata kila wiki bila kukosa, bila mvua, bila nauli ya bodaboda kukosekana: saa 90 zingemchukua wiki 180, yaani karibu miaka mitatu na nusu. Na katika nusu saa hiyo, sehemu kubwa mtoto amelala kwenye godoro ananyooshwa.

Hapa ndipo nina ugomvi wangu. Nimekandwa sana utotoni, kwa mafuta ya nazi, kwa mafuta ya ufuta, kwa majani ya moto ambayo majina yake siyajui. Kulinipa usingizi mzuri na sina ubaya na mikono iliyonikanda. Lakini Iona Novak na wenzake wa Australia walipopitia tafiti nyingi za mtindio wa ubongo mwaka 2013, na tena mwaka 2020, wakazipanga tiba kwa rangi za taa za barabarani, zile za kumkanda na kumnyoosha mtoto bila yeye kufanya kitu hazikupata kijani. Kwa upande wa mazoezi, kijani kilikwenda kwa zile za mtoto kutenda mwenyewe, kwa lengo, kwa kurudiarudia, nyumbani na kambini. Ubongo haujipangi upya kwa sababu mkono umesogezwa. Unajipanga kwa sababu umeamuru mkono usogee, umekosea, umesahihisha.

Sidai kwamba bibi aliniponya. Sikupona. Misuli bado inakakamaa, kiganja bado kinapinda nikichoka, na hakuna anayejua mkono wangu ungekuwaje bila mabibo. Hakukuwa na mwingine kama mimi aliyebaki nyumbani tukalinganishwa. Ninachosema ni kwamba kwa kila msimu nilipata saa nyingi za aina ileile ambayo watu hawa walikuja kuipima, na nilizipata bila fomu na bila foleni.

Shule ndiyo iliyonirudisha nyuma, na kwa wema. Mwalimu mmoja alinionea huruma akanisamehe kila kitu: kufagia, kuchota maji, kushika jembe la bustani. Wenzangu wakawa wananifungia vifungo vya sare na kunibebea daftari. Sekondari ya bweni ikawa hivyohivyo, hadi kufua nilifuliwa. Hakuna aliyenitesa, nashukuru, lakini kwa miaka ile mkono wa kulia haukuwa na ajira. Tena ndiyo miaka ya kurefuka, ambapo mifupa inakimbia na misuli iliyokakamaa inashindwa kuifuata. Jeraha la ubongo haliongezeki; mwili unaolizunguka ndio unaobadilika. Nilirudi likizo ya Desemba kiganja kimekunjika zaidi na kisigino cha kulia hakigusi chini. Bibi alinishika mkono akaugeuza huku na huku, akauliza chakula cha bweni kikoje, kisha akanitupia ungo.

Mguu nao una habari yake, fupi. Uliamshwa na unyago. Ya ndani hayasemwi, na aliyepita anajua, ila si siri kwamba mwali anachezeshwa ngoma, usiku na mchana, pamoja na wenzake. Kungwi wangu hakujali mtindio wala nini. Alinirekebisha mahali pa kuweka uzito, akanirudisha, akanirudisha tena. Nilitoka pale natembea vizuri kuliko nilivyoingia, na yule kijana wa fiziotherapia nilipomsimulia kile kinachosimulika alisema hiyo ni kambi kamili, imekosa tu fomu ya utafiti.

Basi nije kwenye video za tiba mpya ninazotumiwa. Kila habari mpya ikitoka, ndugu zangu wote wananitumia mimi. Binamu yangu wa Dar ana kasi kuliko wote, kabla sijaamka, ujumbe umefika, "Dada, mambo yako haya, tujipange." Moja ilionyesha mtoto wa Marekani amebandikwa vidude vya umeme mgongoni juu ya ngozi, na anapiga hatua. Nikaitafuta habari yake. Ni kazi ya Reggie Edgerton, mtafiti wa Los Angeles ambaye kwa miaka mingi ameshughulika na uti wa mgongo uliojeruhiwa. Wazo lake ni kwamba uti wa mgongo si bomba la kupitisha amri tu. Una mitandao yake inayojua kupangilia hatua, na umeme mdogo unaweza kuiamsha ili amri dhaifu kutoka juu zisikike. Mwaka 2022 yeye na wenzake walitoa matokeo ya mwanzo ya watoto wenye mtindio wa ubongo, na uwezo wao wa kujiendesha uliongezeka. Inatia moyo kweli. Lakini kundi lilikuwa dogo, na umeme ulitolewa pamoja na mazoezi. Binamu alikuwa ameona umeme tu.

Upasuaji wa kukata baadhi ya nyuzi za neva za hisia karibu na uti wa mgongo ni hivyohivyo. Warwick Peacock aliuendeleza Cape Town miaka ya 1980, na sasa unafanyika nchi nyingi kwa watoto ambao miguu yote miwili imekakamaa. Ukakamavu unapungua, lakini mtoto anaamka akiwa dhaifu, na miezi inayofuata ni ya mazoezi. Sindano za kulegeza misuli, hali kadhalika: zinafungua dirisha la wiki kadhaa, na usipofanya kitu wakati huo dirisha linafungwa. Seli shina, zile seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, ndizo zinazonitia hofu. Utafiti wake unaendelea kwa njia halali, lakini wapo wauzaji wanaowapigia simu wazazi moja kwa moja, na namfahamu baba aliyekuwa tayari kuuza shamba la mikorosho kwa ajili ya sindano ambazo hakuambiwa zina nini ndani. Tulimzuia. Bado ananinunia kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo video hazionyeshi. Mimi ni wa upande mmoja, ninatembea, ninaongea, nina biashara. Katika madaraja matano ya uwezo wa kujiendesha yaliyopangwa na Robert Palisano na wenzake kule Kanada mwaka 1997, mimi niko juu kabisa au pembeni yake. Mtoto wa mama mmoja wa Mikindani ninayemfahamu yuko daraja la tano, lile la hali kali kuliko yote. Alipata manjano makali baada ya kuzaliwa, ikachelewa kutibiwa, ikafika sehemu za ndani za ubongo zinazoratibu miondoko. Mwili wake unajinyonga wenyewe na shingo haikai. Mama huyu simwambii habari za mabibo. Ningekuwa mpumbavu.

Kwake harakati ya kwanza kutafutwa ilikuwa kukaa. Fundi seremala alitengeneza kiti cha pembe, ubao wa kifuani, mkanda wa kitenge katikati ya mapaja, na kimeza mbele. Kilichobadilika haraka si mikono bali kula: akikaa wima, kidevu kikiinama kidogo, uji unakwenda tumboni, tofauti na zamani alipolishwa amelala na kila wiki anakohoa. Hilo si dogo. Utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge, mashariki ya Uganda, ukiongozwa na Angelina Kakooza-Mwesige na kuchapishwa mwaka 2017, ulikuta watoto 2.9 katika kila 1,000 wana mtindio wa ubongo, zaidi ya nchi tajiri, na wale wa hali kali walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa miongoni mwa watoto wakubwa. Huenda ni wachache kwa sababu wengi wanakufa mapema. Huwa nalikumbuka hilo kila nikisikia watu wakizungumzia roboti za kuvaa miguuni.

Halafu, kutoka kwenye kiti kile, mtoto alianza kutazama anachokitaka. Mama anamwekea vitu viwili mezani, yeye anakazia macho kimoja, kisha kiwiko kinaanza safari. Mara nyingi hakifiki. Siku kikifika, jirani wote wanajulishwa.

Sisi watu wazima wa mtindio tafiti zinatusahau kidogo. Nyingi ni za watoto. Mimi nimepita thelathini na tayari bega linauma jioni, na uchovu wangu si wa umri. Wenye hali hii wengi huchoka na kupata maumivu mapema kuliko wenzao, maana kila hatua inatugharimu nguvu zaidi. Kwa hiyo nimejifunza kuchagua. Siku ya wateja wengi mkono wa kulia napumzisha bila kujionea haya. Siku tulivu naupa kazi: ubane karatasi, ufunge kufuli, ukunje kanga. Kufunga vifungo bado ni vita, na vifungo vinashinda.

Majuzi alikuja mama kijana kuchapisha barua, mtoto mgongoni, miezi saba. Alipomshusha na kumkalisha kwenye kaunta nilimpa mtoto kifuniko cha kalamu. Akakipokea kwa kushoto. Nikakihamishia kulia kwake. Akavuka kwa kushoto kukifuata, na ngumi ya kulia imefungwa, kidole gumba ndani. Mama yake akasema kwa furaha, "Huyu mashoto huyu, kama babu yake."

Mtoto hachagui mkono kabla ya mwaka mmoja. Akichagua mapema hivyo, inafaa kuuliza ule mwingine una nini. Huenda pasiwe na kitu, lakini kusubiri hakuna faida. Utafiti wa Kanada uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watoto wenye mtindio hufikia takriban asilimia 90 ya uwezo wao wa miondoko mikubwa wakifika miaka mitano, na walio katika hali kali hufika ukingoni mapema zaidi. Daktari Heinz Prechtl alionyesha hata kabla ya hapo kwamba miondoko midogomidogo ya mtoto wa miezi mitatu hadi mitano, ile ya kuchezacheza mwili mzima akiwa ameamka na ametulia, ikikosekana kabisa ni dalili nzito. Kwetu watu wanasubiri mpaka mtoto ashindwe kutembea ndipo waseme.

Sikumtajia mama yule jina la ugonjwa. Si kazi yangu. Nilimwonyesha mkono wangu, nikamwambia aanzie kliniki ya mtoto aombe rufaa ya hospitali ya Ligula, akaonane na watu wa fiziotherapia. Nikamsimulia pia kazi ya Ann-Christin Eliasson wa Stockholm, ambaye aliwafundisha wazazi wa watoto wachanga kuufunika mkono mzima kwa glavu laini au soksi nusu saa kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa vipindi viwili vya wiki sita sita na mapumziko katikati, nyumbani, mtoto akichezeshwa na vitu vya kumvutia mkono dhaifu. Nusu saa na soksi kila nyumba inazo. Ila nikamwambia asianze kabla mtaalamu hajamwona mtoto.

Alirudi baada ya siku chache na mama mkwe wake. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Swali lake lilikuwa moja: mkono utapona lini? Nikamwambia, "Mama, kama ni kweli huo ugonjwa, hautapona ukawa kama mwenzake. Utafundishika." Akasema hilo ni jibu la watu wa hospitali. Akageukia mkono wangu, akaushika bila kuomba, akaufungua vidole kimoja kimoja, akauliza unabeba nini. Nikaorodhesha. Kwenye ungo alitikisa kichwa kuashiria kwamba hapo sawa.

Rufaa wameipata na wanakwenda Alhamisi. Nimewaandikia maswali matatu kwenye karatasi, kwa herufi kubwa ili bibi wa mtoto naye ayasome. La kwanza, katika miezi mitatu ijayo tunataka mtoto huyu aweze kufanya nini kwa mkono wa kulia. La pili, sisi nyumbani tufanye nini kila siku, na mtuonyeshe kwa mtoto mwenyewe, si kwa maneno. La tatu, tukirudi mtapimaje kama inasaidia, na isiposaidia tutabadilisha nini. Mama mkwe ameniomba niongeze la nne, kuhusu nauli, nami nimeliongeza.